Chupa ya Watoto Kumi

Mama Florentine Tshibola wa Musonoi, mtaa ulio kando ya migodi, huuza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na watoto wa avenyu yake anawajua kuliko baadhi ya baba zao. Usicheke, ni kweli. Kwa miaka kumi na moja amekuwa "relais", yaani mtu wa mtaa anayepita mlango kwa mlango akihimiza watu wachanje watoto, wachemshe maji, walale ndani ya chandarua. Mshahara wake ni jileti moja iliyopauka na salamu za kila anayepita. Ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya pili ya shimo la mgodi, na ulimi usiomwogopa mkubwa wala mdogo.

Surua ilipoingia Musonoi, ilimwondoa mtoto mmoja wa avenyu ya tatu kwa muda wa siku sita. Ikaletwa kampeni ya chanjo ya siku tatu. Siku ya kwanza Florentine alizunguka na timu akigonga milango, na kila nyumba iliyokwisha kupitiwa iliandikwa namba na tarehe mlangoni kwa chaki. Kazi hii hufanywa hivyo kila mahali, ili msimamizi akija ajue timu imefika.

Lakini Musonoi si kila mahali. Huku mashimo ya shaba na kobalti yanazidi kuzisogelea nyumba, na watu wamewahi kuona wageni wenye jileti wakiandika namba milangoni. Baada ya namba ilikuja karatasi, baada ya karatasi likaja tingatinga. Kwa hiyo habari za chaki zilikimbia kuliko timu. Walipofika avenyu ya tatu walikuta makufuli mchana kweupe, na bibi mmoja alikuwa akiusugua mlango wake kwa maji na mchanga mpaka rangi inatoka.

Mtu wa kwanza kufunga alikuwa Laure, mke wa mchimbaji, aliyehamia hapo miaka miwili nyuma kutoka mtaa uliobomolewa. Binti yake Abigaëlle alikuwa na mwaka mmoja na nusu, hajapata sindano hata moja, na yule mtoto aliyekufa alikuwa wa nyumba ya pili kutoka kwake. Hilo ndilo lililomchoma Florentine moyoni.

"Mama Laure, fungula kidogo tuongee," aliita.

"Mama, mi nakuheshimu," Laure alijibu kutoka ndani. "Lakini kule kwetu balianza hivi hivi. Balikuya na jileti, baliandika numero ku mulango, basema ni ya kuhesabu batu tu. Leo pale nyumba yangu ilikuwa, iko shimo."

"Ile ilikuwa mambo ya mine, ya mugodi! Hii ni ya rougeole, surua ya batoto!"

"Chaki ni chaki, mama."

Florentine alirudi nyumbani amefura kwa hasira, kisha hasira ikamgeukia mwenyewe. Miaka yote kumi na moja mtaani, na hakufikiria chaki! Jioni ile alimkabili Hénock, muuguzi mkuu wa timu, akamwambia milango isiandikwe tena. Watoto waje uani kwake, na wino wa kuonyesha aliyechanjwa upakwe kidoleni tu. Hénock alilalamika kwamba wasimamizi watauliza. "Baulize," alisema Florentine. "Banikute mi." Hénock akasalimu amri.

Siku ya pili watu walianza kuja, mmoja mmoja, wakimtazama Hénock kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Mlango wa Laure haukufunguka. Florentine aliugonga asubuhi, mchana na jioni, akaeleza kwamba chaki imeachwa, akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena.

Siku ya tatu timu ilitakiwa kuondoka saa sita kamili, kwa kuwa ilingojwa kwenye vijiji vya njia ya Sandoa. Saa tano na nusu Laure akatokea uani, Abigaëlle mgongoni, macho chini.

"Mama, ni kidole tu?"

"Kidole tu, mwanangu."

Hénock alitazama ndani ya sanduku la barafu, akakuna kichwa. Chupa iliyokuwa wazi ilikuwa imekwisha. Zilizobaki zilikuwa za dozi kumi kumi, na chupa ikishafunguliwa haikai. Kisichotumika ndani ya saa chache hutupwa, na vijiji vya mbele vilikuwa mwendo wa siku nzima.

"Mama, siwezi kutupa dozi tisa juu ya mutoto mumoja," alisema kwa upole. "Kule njiani batoto bengine banangojea."

Florentine alitaka kumfokea. Lakini muuguzi alikuwa na haki, na Abigaëlle alikuwa palepale akinyonya kidole.

"Ni kusema banapunguka tisa?" aliuliza Laure. Hakungoja jibu. Alifungua kitenge, akamtia mtoto mikononi mwa Florentine, akatoka mbio miguu mitupu.

Atawapata wapi tisa? Florentine alikuwa amepita milango ile ile siku tatu, akaambulia makufuli. Abigaëlle alitafuna pindo la jileti. Hénock alitazama saa, akaanza kufunga mikanda ya sanduku.

Kisha ikasikika miguu, miguu mingi.

Walikuja wenzake Laure, wale waliobomolewa nyumba pamoja naye, ambao hawakuwahi kumfungulia mtu yeyote mwenye jileti. Walikuja akina mama kutoka mtoni wanakoosha mawe ya madini, mikono imejaa matope hadi viwiko, watoto mgongoni, watoto kiunoni, bibi mmoja akiwavuta wawili kwa mkono mmoja. Florentine aliona nyuso za watoto ambao hakuwa amewaandika katika daftari lolote. Aliona aibu, na furaha, na mshangao mkubwa. Akamkumbatia Abigaëlle kwa nguvu asije akamwangusha.

Mbele yao alikuwa Laure, akihema, blauzi imelowa jasho, kila mkono umebeba mtoto wa mwenzake.

"Tata infirmier," alimwambia muuguzi, "hesabu basi. Banafika kumi?"

Hénock alitazama juu ya kichwa cha Laure, akaufuata kwa macho mstari uliokuwa umejaza ua na kuzunguka kona ya nyumba ya jirani. Alikaa chini, akafungua mikanda ya sanduku, akatoa chupa nne.