Namba Moja Zaidi

Baba yangu alikereza vyuma kwa mashine moja tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Alikuwa akisema anaijua kuliko anavyomjua mkewe, na mama alicheka. Mimi, katika nyumba ileile aliyopewa na kampuni ya mgodi pale Kapata, mtaa wa wafanyakazi, natengeneza tovuti, na kila ninachojifunza kinazeeka kabla sijakizoea. Namwonea baba wivu, tena wivu mbaya.

Mwaka huu nilibaki na mteja mmoja tu, mama anayeuza viatu vya kazi na kofia ngumu karibu na soko. Akiondoka yeye, kazi yangu imekwisha. Zamani alitaka picha na namba ya simu tu, akanishukuru kana kwamba nimemjengea nyumba. Kisha akataka tovuti ikae vizuri kwenye simu. Nikajifunza. Kisha akataka ifunguke upesi hata mtandao ukiwa dhaifu. Nikajifunza tena, umeme ukikatika kila siku, mega zangu za intaneti zikiishia kwenye masomo yaliyopitwa na wakati kabla sijayamaliza. Halafu akaniita.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa heshima, "site yako iko inalala. Batu banaiuliza kitu, haijibu. Mi nataka ijibu yenyewe."

"Haina shida, mama," nikasema. Sikuwa na habari hata ya pa kuanzia. Lakini huku kwetu fundi hamwambii mteja "sijui". Afadhali ajifie polepole. Niliomba miezi miwili.

Nilipokaribia kumaliza, aliniita saluni alikokuwa akisukwa nywele. Akanipa simu yake.

"Angalia. Nilifanya mi mwenyewe, hapa hapa. Nilikuwa naiambia simu tu, inatengeneza yenyewe."

Nikaangalia. Ilikuwa tovuti nzima ya duka lake, tena nzuri, nailaani. Ilijibu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilitafuta kosa kama mke mwenye wivu anavyopekua mifuko, na nikalipata. Kwenye tovuti yangu kulikuwa na sentensi niliyoipata baada ya kushinda dukani wiki nzima nikiwatazama wachimbaji wakijaribisha viatu. Hapa haikuwepo. Moyo ukanidunda kwa furaha.

"Mama, hii haijui ba-creuseurs, bale bachimbaji! Bao banachukuaka kiatu ya numero moja zaidi, sababu miguu inavimbaka mu shimo."

"Ah, ni kweli!"

Akaisogeza simu mdomoni, akayarudia maneno yangu yote. Msusi hakuwa amemaliza hata msuko mmoja, sentensi yangu ikawa imeshaandikwa, tena imepangwa vizuri kuliko nilivyoipanga mimi.

"Aksanti, tata," alisema, na alisema kwa moyo mweupe. "Kama unakumbuka kitu ingine, unipigie."

Nilirudi Kapata kwa miguu, nikijaribu kukumbuka. Hakukuwa na kingine.