Nilivyopandisha Ukweni

Nacheka sasa hivi, lakini aibu yenyewe haijanitoka, ndiyo maana mtu wa Butiama akiingia dukani kwangu hapa Musoma (nauza spea za pikipiki) nainama chini ya kaunta nijifanye natafuta nati mpaka aondoke.

Chanzo ni hasira zangu. Mchumba wangu Nyangeta alishaniambia baba yake hawezi kumwoza binti kwa mtu anayefoka, na mimi nilikuwa nafokea hata redio, basi akanitumia video ya mwalimu wa yoga anayefundisha kupumua kwa uti wa mgongo: unavuta pumzi taratibu huku akili ikiifuata kutoka kiunoni, pingili kwa pingili, mpaka utosini, halafu unaitoa na kushuka nayo. Pumzi na akili viende sawa, kama maksai wawili kwenye plau moja. Rahisi kusema! Maksai wangu mmoja akifika shingoni, mwenzake bado yuko kiunoni anawaza chakula cha mchana. Lakini nilikazana kila asubuhi, nikaanza kutulia, nikajiona mtaalamu.

Siku ya posa tukaenda Butiama, mimi na mshenga wangu, Mzee Magesa. Sato wa kukaanga wameshatengwa mezani, baba mkwe akasimama kuombea chakula. Sala gani ile! Aliombea mihogo, akaombea ng'ombe, akaombea wasafiri wa kivuko cha Kisorya (hakuna aliyekuwa akisafiri), mpaka akafika kwa "vijana wa mjini wanaokuja kuoa na hata jembe hawajui kushika", na hapo nikasikia hasira inanichemka. Nikajiambia, wote wamefumba macho, ngoja nipumue kidogo tu.

Nikavuta. Koo likakoroma kama mwalimu alivyoelekeza, mgongo ukanyooka wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani maksai wangu wakaenda sambamba, utamu ulioje, hata sikusikia kwamba sala imekatika.

"Mwanangu, una nini?" mama mkwe akauliza.

Nami, macho nimefumba, nikamjibu kwa heshima zote za ukweni: "Napandisha tu, mama. Msiogope, huwaga napandisha kila asubuhi. Nikifika utosini nashukaga."

Jamani, nani asiyejua mtu akisema anapandisha, anapandisha nini? Bakuli la mboga lilikwenda chini. "Mapepo! Toka! Toka!" Nikapiga kelele, "Ni uti wa mgongo, iko kwenye uti wa mgongo!" na shangazi yake Nyangeta akatangaza, "Limesema lenyewe! Limejificha mgongoni!" Basi mikono yote ikahamia mgongoni kwangu, na si mikono ya kubembeleza. Nikafoka, "Niacheni!" kwa ile sauti yangu ya dukani.

"Mmesikia?" baba mkwe akasema. "Hiyo siyo sauti yake."

Nikamtazama mshenga wangu anitetee. Mzee Magesa alishahamia upande wao, anapiga makofi na kuimba pambio kuwashinda wenye nyumba. Nikamtazama Nyangeta. Akatazama sakafu.

Baadaye uani, nimelowa mafuta ya upako mpaka kwenye soksi, nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Niseme video nimekutumia mimi? Si wangeanza na mgongo wangu!"

Uamuzi wa mzee ulikuwa mfupi: binti haolewi na mwenye mgeni mgongoni, mpaka nisimame kanisani kwao nishuhudie kwamba limetoka. Nampenda Nyangeta, ningefanyaje? Jumapili nikasimama mbele ya watu wote, nikashuhudia kwamba ndiyo, lilikuwemo, lilikuwa likipanda kila asubuhi, na sasa limekwenda zake. Kanisa likalipuka kwa shangwe, nikapewa mke.

Nimeapa sitavuta tena pumzi ndefu ukweni. Nikifika Butiama napumua juu juu, kama mtu anayeiba hewa. Na siku ile ya ushuhuda, aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote, cha pumzi iliyotoka chini kabisa kiunoni na kupanda bila kukatika, alikuwa Nyangeta.