Sauti Yangu Ilimfukuza Omong'ina Kwake

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu nikianzia kwingine nitajitetea, na mwaka huu wote nimejitetea mpaka nimejichoka.

Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ya kuchapa na kupiga kopi Kisii mjini. Mimi pia ndiye niliyeanzisha klabu ya watu wanaopenda hadithi za kubuni: vyombo vya angani, majoka, dunia zisizokuwepo. Tulikutana Jumapili alasiri katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja, maana wengi wetu ni Wasabato na Jumamosi tuko kanisani. Hakuna aliyelipwa. Nilikuwa mwenyekiti, mfagiaji, na mtu wa kumbembeleza mwenye mkahawa asitutoe.

Katikati ya juma tulitumiana hadithi kwa sauti kwenye grupu letu la simu. Sheria ilikuwa moja tu, na niliiweka mimi: kila mtu aanze kwa kusema, "Jamani, hii nimeitunga."

Basi klabu ikaanza kufifia. Watu wakawa hawaji, grupu likawa la salamu na picha za maua. Niliumia, nisiwafiche. Nikasema nitatunga kitu cha kuwaamsha, tena kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu hadithi zetu zote zilikuwa za Kiingereza na majoka yaliyomo yalikuwa ya nchi za wenyewe.

Nilitunga habari za mwanamke mzee anayelinda mlango kati ya mistari ya majani chai. Ukiuvuka unaingia dunia ambayo waliokufa wanaendelea kulima. Watoto wakichungulia kwenye mlango huo wanaugua, kwa sababu roho zao zinataka kurudi kuangalia tena. Kwangu yule mzee alikuwa shujaa. Ndiye aliyekuwa akiwarudisha watoto.

Lakini sura yake sikuitunga. Nilichukua ya jirani wa mama yangu, kijijini kwetu upande wa Nyamarambe. Nitamwita Omong'ina, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima, maana jina lake sina haki ya kuliweka hapa. Ni mjane. Ana geti la bluu, anachechemea mguu wa kushoto, na huingia shambani kuchuma chai kabla majirani hawajaamka. Vyote hivyo niliviweka, hata geti. Niliona vinapendeza.

Nikarekodi kwa sauti nzito ya kukwaruza. Na ile sheria yangu nikairuka.

Moraa, katibu wetu, alinipigia papo hapo. "Chair, hujasema umeitunga. Hii ni Ekegusii, watu wa nyumbani wataiamini."

Nikamcheka. "Wewe nawe! Nikishamwambia mtu ni ya kutunga, ataogopa nini tena?"

"Majoka hayana majirani, chair," akasema. "Huyu mama anaonekana ana majirani."

Nilimwambia aache uoga. Ile sauti ikapendwa kuliko chochote tulichowahi kutuma, na mtu akaitoa nje ya grupu. Sijui ni nani na sitaki kujua. Ndani ya grupu ilikuwa hadithi. Ilipofika kijijini ilikuwa ushahidi. Neno omorogi, yaani mchawi, sikulitaja hata mara moja, wasikilizaji walilitia wenyewe. Na ninyi mnaotoka kwetu mnajua mama mzee akishaitwa jina hilo, watu hufika kwake na kiberiti mikononi.

Wiki hiyohiyo mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwa Omong'ina alilazwa, kifua kimembana. Basi.

Mama yangu alinipigia akilia. Watu walikuwa wamekwenda kwa Omong'ina mchana kweupe, wamelivunja lile geti na kung'oa chai yake mistari mizima, wanatafuta mlango. Nilipanda gari kwenda nyumbani nikijiambia kwamba nitasema ni mimi niliyeitunga.

Naibu chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Omong'ina aliketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, miguu ameibana, leso imefunika mabega. Wakaicheza ile sauti kwa spika ili kila mtu asikie. Sauti yangu! Nilikuwa nimeketi karibu na mama yangu, nikisikia jinsi nilivyovuta pumzi mahali fulani ili waogope zaidi, na nikaona watu wanaogopa.

Naibu chifu akauliza, "Kuna mtu hapa anayejua hii kitu ilitoka wapi?"

Omong'ina alikuwa ananitazama mimi. Nilidhani ananitazama kama anavyotazama wengine. Nikainamisha kichwa. Niliogopa kupigwa, niliogopa kupoteza kazi yangu, na Mungu anisamehe, niliogopa pia klabu ingekufa. Mwenzangu, nilinyamaza.

Wakaamua aondoke "kwa usalama wake". Alitoka na kikapu kimoja, binti yake anayeishi Suneka akaja kumchukua. Mtoto alipona siku chache baadaye. Watu wakasema mnaona, amepona kwa sababu yule ameenda.

Tangu hapo sikuwa na amani. Nilikuta sauti yangu inachezwa kwenye kisiagi cha mahindi, nikaikuta kwa kinyozi wa jirani na duka letu. Siku moja mteja alinipa simu nimchapie kitu, na ilikuwa hapo juu kabisa. Mpaka leo mtu akifungua sauti karibu nami, mwili unanisisimka kabla sijasikia neno.

Nikaivunja klabu. Nikarekodi sauti nyingine, safari hii kwa jina langu kamili, nikisema nilitunga yote na Omong'ina hana kosa. Niliituma kwa kila niliyemjua. Hiyo haikusambaa. Mama yangu anasema wachache walioisikia kule kijijini wanadai nimelipwa na binti wa Omong'ina.

Mwishowe nilikwenda Suneka. Nilimkuta anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti nikamwambia, "Mama, ile sauti ilikuwa yangu."

Hakuacha kumenya. "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Nilikubeba mgongoni mama yako akienda kuchuma. Unafikiri siwezi kujua sauti yako kwa sababu umeikwaruza?" Akaweka kisu chini. "Siku ya baraza nilikujua kabla hawajamaliza. Nikakutazama, nikasema ngoja asimame mwenyewe."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangekugeukia wewe. Ulikuwa umeketi na mama yako."

Nililia mpaka binti yake akatoka nje kuangalia. Omong'ina alinipa ndizi za kumpelekea mama, akaniuliza kama kuna mtu anayechuma chai iliyobaki. Hakuna anayeingia kwenye shamba lile. Wanaogopa.

Wewe unayeongoza kikundi cha hadithi, tunga uwezavyo, lakini usiazime uso wa mtu aliye hai. Na ukituma, sema umeitunga, hata kama inaharibu utamu. Usidhani utakuja kulirudisha neno lako baadaye. Mimi nilipewa wakati wa kulirudisha, mbele ya kijiji kizima, na mama mzee alikaa pale akinisubiri nisimame.