Mfunga vikuba wa Faza na alizeti zilizogoma kuchanua

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, umande haujakauka kwenye shamba la Bwana Mohdhar nje kidogo ya Siyu, na Bi Thuwaiba Faiz amepiga magoti mbele ya alizeti. Anaitazama usoni kama mama anayemtazama mtoto anayejisingizia usingizi.

"Hili bado," anasema, na kulipita. "Hili nalo bado, hili ni mvivu. Ah! Hili limeinua kope."

Kisu kinapita mara moja. Bua linaingia kwenye ndoo ya maji kabla hajamaliza kutabasamu. Ukilitazama ua hilo utadhani amekosea, kwa sababu halijafunguka vizuri. Majani yake ya manjano yameanza tu kubanduka usoni. Hayo ndiyo anayoyaita kope.

Anahitaji maua thelathini, ishirini na matano ya mashada na matano ya akiba. Alasiri ya leo, huko Faza, bibi harusi Amal atatolewa mbele ya wanawake atazamwe, na mkononi anatakiwa ashike shada la alizeti. Mpaka dakika hii ndoo ina maua manne.

"Leo ndiyo leo," anasema Bi Thuwaiba, akijifuta umande kwa ncha ya leso. "Nikirudi mikono mitupu, Amal atashika plastiki. Na mimi nitabaki kumfungia vikuba paka wangu."

Ana miaka hamsini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo amekuwa mfunga vikuba. Kwa asiyejua, kikuba ni kifungu kidogo cha maua na majani ya kunukia, asumini, rihani na kipande cha mkadi, anachovaa mwanamke kifuani au kwenye nywele siku ya furaha. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, kwenye ukumbi wa nyumba ileile anayoishi sasa.

Asumini ina utaratibu wake, naye anaujua hata akiwa amefumba macho. Huchumwa alasiri, ingali tumba, imejifunga ndi. Hutungwa kwa uzi, hufungwa kwa kitambaa chenye maji, na jua likishatua hufunguka yenyewe na nyumba nzima ikajua.

Kuna wakati alikuwa akiitwa kwenye harusi tatu au nne kwa mwezi. Siku hizi akipata moja katika miezi miwili anashukuru. Kikuba kimoja ni shilingi mia mbili, kwa hiyo unga wa nyumba hiyo sasa hutoka zaidi kwenye pikipiki ya mumewe, Abubakr, anayebeba abiria kati ya Faza na Siyu. Kilichomfikisha hapo ni maua ya plastiki yanayoagizwa kwa simu na kuletwa na boti yamekunjwa kwenye mfuko.

"Sina ugomvi nayo," anasema. "Hayanyauki, hayataki maji, ukimaliza wayarudisha kabatini. Lakini hebu yanuse. Yanuka duka!"

Ndiyo maana alishtuka, wiki sita zilizopita, Amal alipobisha hodi. Amal ana miaka ishirini na minne, anafundisha watoto wa chekechea Faza, na alikuwa ameposwa na Taufiq, fundi wa boti kutoka Kiwayu. Hakutaka plastiki. Alitoa simu na kumwonyesha Bi Thuwaiba picha ya bibi harusi wa mbali huko, amekumbatia alizeti kumi na mbili, kila moja sawa na sinia.

"Mwanangu," Bi Thuwaiba alimuuliza, "hili ni shada au ni shamba?"

Amal alicheka, lakini hakurudi nyuma. Alitaka ua halisi, na alitaka alizeti. "Nikiliona nafurahi tu, Bi," alisema. "Sina sababu nyingine."

Aliyekuwa na sababu za kukataa alikuwa bibi yake, Bi Ruqaya, mwenye miaka sabini na minane. Alizaliwa Amu, akaolewa Faza, na mpaka leo hazungumzi ila Kiamu chake. Alipoambiwa mjukuu wake atashika alizeti, aliuliza kama ni zile za mafuta ya kukaangia. Akaambiwa ndizo. Akaletewa moja, akalinusa ua mbele na nyuma, akalirudisha.

"Halinuki, halinukii," alitoa hukumu. "Hilo si ua. Hiyo ni picha ya ua."

Kwa watu wa huku, hilo si neno dogo. Ua la harusi kwanza hunuswa, kutazamwa kunafuata. Bi Ruqaya akaendelea: kama ni la kutonukia, si afadhali la plastiki, ambalo angalau halidondoshi ungaunga juu ya nguo ya harusi? La plastiki lilinunuliwa siku ileile likawekwa kabatini, na sharti likatolewa. Siku yenyewe Bi Ruqaya atalinusa shada kwa pua yake. Asiposikia harufu, kabati litafunguliwa.

Bi Thuwaiba alikubali. Anakiri kwamba alirudi nyumbani akijiuliza amekubali kitu gani.

Kwanza alipambana na Amal kuhusu ukubwa. Maneno yaliposhindwa, alichukua viazi kumi na viwili, akavichoma kwenye vijiti, akavifunga pamoja, akamwambia Amal akae mkekani avishike kama bibi harusi, mgongo wima, asitikisike. Dakika ya kumi na tano Amal aliomba avitue.

"Na wewe utakaa saa tatu, tena una hina mpya mikononi," Bi Thuwaiba alimwambia. Wakakubaliana maua matano kwa kila shada, tena madogo, yasiyozidi kisahani cha kahawa. Mashada yatakuwa matano, moja la Amal na manne ya ndugu zake wa kike.

Kisha wakahangaika na mpango. Wakiyaelekeza yote upande mmoja yanatazama kama watu waliopanga foleni. Wakiyageuza huku na huku yanaonekana yamegombana. Mwishowe Bi Thuwaiba aliliweka moja katikati likitazama mbele, na manne yakiinama kidogo kulielekea, na rihani ikajaza mapengo. Amal alipiga makofi.

Alizeti zilipatikana kwa Bwana Mohdhar, mkulima wa Siyu, aliyekuwa amepanda upya kipande kimoja baada ya ndege kula mbegu za kwanza. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kinakaribia kuchanua wiki ya harusi. Mwenyewe hakufurahi kuombwa.

"Mimi nilipanda mbegu, sikupanda harusi," anasema, akiwa amesimama ukingoni mwa shamba na kikombe cha chai. "Ukikata ua, umekata mbegu zangu zote. Lakini Abubakr alinitajia biriani. Mtu hawezi kuwa na roho ngumu kila siku."

Jumatano alasiri Bi Thuwaiba alikuja na ndoo zake. Akakata maua arobaini. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, mtoto wa mkulima wa miaka saba asingelifanya.

Aliyakata yakiwa matumba. Yamejifunga ndi, ya kijani, hayajaonyesha hata uzi wa manjano. Akayafunika kwa kitambaa chenye maji, akaenda zake kulala na moyo mweupe, akingoja yafunguke.

Alhamisi asubuhi alifunua kitambaa. Matumba arobaini yalikuwa vilevile, kama ngumi. Akayanyunyizia maji. Adhuhuri vilevile. Akayahamishia kwenye baridi, akayatoa juani, akayasomea. Alasiri Abubakr alipita ukumbini akauliza kwa upole kama hiyo ni kabichi.

"Nilitaka kumpiga na ndoo," anasema Bi Thuwaiba, na kucheka mpaka anashika mbavu. "Lakini nilikuwa naogopa, wallahi. Miaka thelathini na mmoja nimekata maua ya watu, halafu siku ya ua aliloniagiza Amal kwa imani yake, nimeliua kwa mkono wangu."

Alimpigia simu Bwana Mohdhar, ambaye alimwambia, "Bi Thuwaiba, hii si asumini. Alizeti ukiikata imefumba, imekufa imefumba. Hufunguliwa na jua, ikiwa ingali shambani. Ngoja ianze kufumbua, ndipo uikate asubuhi, na alasiri itakuwa imemaliza."

Tatizo ni kwamba yaliyobaki yalikuwa machache, na hakuna aliyejua ni mangapi yangefumbua kufikia Jumamosi. Ijumaa alienda kuyatazama, hakuna. Hakumficha Amal. Alimpelekea zile ngumi arobaini akazitazama kwa macho yake.

"Nilidhani atalia," Amal anakumbuka. "Mimi nikalia badala yake. Kisha akaniambia, 'Futa machozi, hina yako itachuja,' tukaanza kucheka wote wawili."

Na sasa ni Jumamosi, na jua linapanda nyuma ya minazi ya Siyu. Kadiri mwanga unavyoshika shamba, kope zinainuka moja baada ya nyingine, hapa, pale, mstari wa nyuma. Bi Thuwaiba anaacha kupiga magoti, anatembea, kisha anakimbia, mwanamke mzima na buibui lake amelikunja mkononi. Kumi na mbili. Ishirini. Bwana Mohdhar ameweka kikombe chini na yeye pia anatafuta, akiita, "Huku, Bi, huku kuna mawili!" Saa mbili kasoro robo ndoo zina maua thelathini na moja la ziada, ambalo mkulima amelikata mwenyewe bila kuombwa.

Abubakr anaendesha polepole kurudi Faza, mkewe nyuma, ndoo moja kila upande. Kila tuta analiomba radhi.

Saa tisa alizeti zimefunguka zote, na ukumbi umejaa manjano. Ndipo Bi Thuwaiba anapochuma asumini yake, tumba kama ilivyo ada, na kutunga makoja marefu. Koja la kila shada analizungusha kwenye mabua, pale hasa mkono utakaposhika, ili joto la kiganja lisaidie. Ndani kabisa anachomeka kipande cha mkadi. Saa kumi na nusu mashada yako nyumbani kwa kina Amal.

Mwandishi huyu ni mwanamume, kwa hiyo aliishia barazani pamoja na Abubakr. Simu zote za wanawake ziliachwa kwenye kapu mlangoni. Yanayofuata yamesimuliwa na waliokuwa ndani, wakisema wote kwa pamoja.

Bi Ruqaya alilichukua shada la mjukuu wake, akaliinua, akalinusa. Akalinusa tena. Alizeti zilikuwa zimefunguka, lakini asumini bado ilikuwa imelala.

"Sisikii kitu," alisema.

"Lina saa yake, Bi," alijibu Bi Thuwaiba. "Baada ya magharibi."

Bi Ruqaya alilirudisha shada. "Basi nakupa mpaka magharibi. Nikitoa salamu, nalinusa mara moya, ya mwisho." Na ili asionekane mtu wa mzaha, aliagiza la plastiki litolewe kabatini liwekwe karibu.

Amal akakaa mahali pake, shada mikononi, wanawake wakaimba na kumtazama. Adhana ikaadhiniwa. Wakasali chumba cha ndani. Bi Thuwaiba anasema hajui alisoma sura gani siku hiyo.

Bi Ruqaya alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, na kabla hajashika tasbihi akageuka.

"Ni nani aliyevaa asumini yeo?"

Akamwita mwanamke wa karibu, akamnusa nywele, siye. Akamnusa wa pili, siye. Akainuka, akaifuata harufu kwa pua, akipita katikati ya wanawake wanaobana vicheko, mpaka akafika alipokaa Amal. Akainama juu ya shada. Akabaki ameinama.

"Ua lateka," alisema alipoinua uso. Kwa Kiamu, kuteka ni kucheka. "Lateka, tena lanukia."

Vigelegele vilisikika mpaka barazani. Abubakr aliruka akaangusha kahawa yake. Ndani, Bi Thuwaiba alilia mbele ya watu wote. "Sikuona haya hata kidogo," anasema. "Nilikuwa nimebeba wiki nzima kifuani, nikaitua pale."

La plastiki? Alipewa mtoto wa jirani, akalichezea akalisahau uani.

Siku tisa baada ya harusi, Bi Thuwaiba yuko tena Siyu, safari hii na jembe. Bwana Mohdhar amemwachia mistari sita ya shamba kwa mavuno ya nusu kwa nusu, na mstari mmoja utapandwa kila baada ya siku kumi, ili zile harusi nyingi za mfungo mosi, mwezi unaofuata ule wa kufunga, zikija zikute daima kuna maua yanayofumbua. Nyuma ya nyumba yake ameongeza miche minane ya asumini. Anatumaini mwakani ataweza kumfundisha mwanamke mwingine mmoja au wawili, kwa sababu mikono miwili haitatosha.

"Zamani nikipewa tarehe ya harusi nilikuwa nashika uzi," anasema. "Sasa nikipewa tarehe, nashika jembe. Siku sitini na kitu kabla, mbegu iwe chini."

Mstari wa kwanza tayari una mwenyewe. Umeagizwa na Bi Ruqaya, kwa ajili ya mjukuu wake mwingine, Asmaa. Mwandishi anauliza harusi hiyo ni lini.

Bi Thuwaiba anaegemea jembe, anacheka.

"Nami nilimuuliza hivyohivyo. 'Bi, nipe tarehe, nijue lini nipande.' Akaniambia, 'Wewe panda. Mchumba tutamtafuta yangali matumba.'"