Mkutano wa Upande wa Pili wa Mabati

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Juba. Nalisema hili mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee. Kwa miaka minne niliujua mji huu kwa baa zake tu. Ukinitajia duka la dawa, nilikuwa nauliza liko karibu na baa gani.

Jumamosi ile nilikuwa natafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe. Sikuutafuta kwa hiari. Mke wangu ni muuguzi, yuko Nakuru na watoto wetu wawili. Likizo iliyopita walikuja kunitembelea, wakanisubiri uwanja wa ndege saa tatu nzima, mimi nimelala juu ya meza ya baa huko mtaa wa Buluk. Safari hii alisema maneno machache: nisipoingia kwenye mkutano ule siku hiyo, watoto hawaji Desemba, na mimi nisipige hodi Nakuru. Angenipigia saa kumi na moja kuhakikisha. Mwanamke yule hana vitisho, akisema, amesema.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja Mkenya anayefanya kazi benki, alikuwa amenielekeza kwa simu: mtaa wa Hai Malakal, kanisa la mabati ya buluu, uani, saa kumi. Saa tisa nikampigia mtu wangu wa bodaboda. Ni mzee mwenye mvi aliyekulia uhamishoni Uganda, mtu wa dini, na ndiye aliyenipeleka baa kila Jumamosi na kunirudisha nimefungwa kwake kwa shuka nisidondoke. Kwa aibu sikumwambia ninakwenda kufanya nini. Nilisema Hai Malakal, na na kabla sijafika kwenye neno kanisa, pikipiki ilishaondoka.

Akanishusha kwenye baa yangu ya Hai Malakal. Mwenye baa alishanivutia kiti kivulini, kile changu, ninachokiegemeza kwenye uzio wa mabati. Nikasema siyo hapa. Mzee akatikisa kichwa, akanikimbiza hadi Buluk, baa ya pili. Nikasema siyo hapa. Akaniangalia kwa huruma, akaona leo nina kiu ya pekee, akanipeleka mtaa wa Malakia, kwenye baa ile ninayokwenda nikishakataliwa kwingine. Saa kumi ilikuwa imepita. Jasho lilinitoka, na hasira, na kusema kweli mate pia. Mhudumu alikuwa ameshafungua chupa bila kuuliza.

Hapo nikamwambia mzee ukweli, kwa sauti ndogo, nikitazama tairi. Akazima pikipiki.

"Ustaz, kwa nini wewe hapana sema? Hiyo kanisa mimi najua. Mimi nasali pale. Iko nyuma ya baa yako ya kwanza."

Ni kweli ilikuwa pale. Miaka miwili nilikuwa nimeuegemea mkutano ule kwa mgongo. Tulipoingia uani, watu kama kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki na chai ya tangawizi. Wawili kati yao niliwafahamu vizuri. Mmoja nilidhani amehama mji, na wa pili nilishamwombea Mungu amlaze mahali pema. Kumbe waliacha pombe tu.

Nikajitambulisha. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kama si mimi yule anayepiga mabati ngumi kila Jumamosi, akiwaambia wapunguze kelele, watu wanastarehe. Ndiye mimi. Kikundi kizima kikanitazama kwa furaha. Mmoja akasema siku nyingine huwa naimba, na wala siimbi vibaya.

Saa kumi na moja simu ikalia. Upande wa pili wa mabati, spika ya baa ilikuwa imefunguliwa yote.

"Uko wapi?" mke wangu akauliza.

"Niko kwenye mkutano."

"Mkutano tena," akasema. Miaka minne, nikiwa baa, hilo ndilo lilikuwa jibu langu, tena na muziki huo huo. Nikaapa. Nikataja chai, nikataja kanisa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mlevi, na niliogopa kweli, maana nilijua akikata simu amekata yote.

Mzee wa boda alikuwa langoni na kikombe chake cha pili. Akaja, akanyoosha mkono, nikampa simu. Wawili hawa walijuana: kila nilipolala njiani yeye ndiye aliyempigia, na hakuwahi kunifichia hata siku moja.

"Mama, yeye iko hapa kanisani, iko nakunywa chai," alisema. "Tangu saa tisa sisi natafuta hii mahali. Juba nzima. Kwa pombe, yeye hajawahi kutafuta namna hii."

Hakusema ni nani aliyetupoteza. Aliporudisha simu, mke wangu alikuwa analia, jambo ambalo hakulifanya hata uwanja wa ndege.

"Maliza chai," alisema. "Habari ya Desemba nitawaambia watoto leo. Na Jumamosi ijayo nitampigia yeye, siyo wewe."

Nikakaa kwenye kiti kilichobaki, kando ya mabati. Upande wa pili, mtu alishakalia kiti changu cha baa, akapiga mabati ngumi na kutuambia tupunguze kelele. Wote wakanitazama. Nikagonga mabati mara moja, taratibu, nikamwambia lango liko upande wa kanisa.