Kinu cha Mama na Mate ya Madiwani

Kefule! Hata leo nikilitaja jengo lile mate yananijaa kinywani, na wala si ya uchu.

Ni ukumbi wa mji wa zamani, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwetu Brooklyn Park, huku ughaibuni. Wazee wa pale waliujenga kwa kuiga ukumbi wa mji walikotoka, Uingereza: matofali mekundu, mnara, na saa kubwa ambayo sijawahi kuiona ikisema kweli. Siku hizi ni nyumba ya urithi, yaani makumbusho. Nilikuwa najitolea huko siku nisizokwenda kazini, napangusa vumbi na kuelekeza wageni, maana nilitaka nami nihesabiwe kuwa mtu wa hapa.

Ndani ya kabati la kioo, na taa yake peke yake, kilikaa chombo cha shaba cha kutemea mate. Madiwani wa zamani walikuwa wakitafuna tumbaku na kutema humo huku wakibishana habari za barabara. Kibao kinasema usiguse. Msimamizi, mama mmoja mzungu mpole, alinifundisha kukisugua kwa glavu nyeupe, taratibu, kama unamwogesha mtoto mchanga. Kwenye mkunjo wa ndani palikuwa na utando mweusi. Nikauliza, na huu niutoe? Akashtuka. Ule ni sehemu ya historia! Mcheza kwao hutunzwa, sawa, lakini hata mtema mate, jamani? Chakula cha mchana siku ile kilinishinda.

Basi ikaja sherehe ya urithi, na msimamizi akaomba wakazi wapya tulete vitu vya kwetu. Mama yangu anaishi nami. Alipotoka Muheza alikuja na kinu chake ndani ya sanduku, kimejaa dagaa, nguo akaziacha. Alikirithi kwa mama yake. Karanga za kisamvu hutwangwa humo tu, na mjukuu akithubutu kukikalia anaambulia kofi.

"Watakitunza?" aliniuliza.

"Mama, hawa hata mate wanatunza."

"Haya. Lakini nakukabidhi wewe, si wao."

Nikakipeleka mapema, nikakiweka kwenye meza ya maonyesho. Siku ya sherehe nilikuwa zamu, kwenye duka la dawa kule Richfield. Kesho yake nikaenda kukichukua. Nikakitafuta mezani, hakipo. Nikakikuta mlango wa pembeni, kimewekwa kuzuia mlango usijifunge. Nikachungulia ndani. Astaghfirullah! Kikombe cha kahawa, karatasi iliyopengewa kamasi, kipande cha mkate wa mayai kilichong'atwa. Kwenye mdomo wa kinu wamebandika jojo zilizotafunwa, tano, moja ya pinki ina alama za meno. Na nyuma yangu, ndani ya kioo, chombo cha mate kinang'aa!

Msimamizi akaja anacheka. Watu walidhani ni pipa la taka, akasema, kwa kuwa kiko wazi juu. Ila ni imara kweli, mlango haukutikisika siku nzima. Akanipa mfuko wa plastiki nisije nikachafua gari langu.

Nilikuwa na maneno, wallahi, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Nikatabasamu. "Its okei," nikamwambia. Ptuu! Zile jojo zilinitia kinyaa, lakini mimi mwenyewe nilijitia kinyaa zaidi.

Nyumbani nilijaribu kukipitisha moja kwa moja bafuni. Mama akakinusa kabla sijavua viatu.

"Wamekifanya nini?"

"Walidhani ni pipa la taka."

"Nawe uliwaambiaje?"

Kumdanganya sikuweza. "Nilisema its okei."

Kiingereza cha mama ni cha kuokoteza, lakini hilo analisikia kwa wajukuu kutwa nzima. Alikisugua kinu kwa maji ya moto na chumvi, mara tatu, akakianika barazani. Kilipokauka akakifunga kwenye kanga na kukisukuma chini ya kitanda.

Jumamosi iliyofuata nikasikia mngurumo jikoni. Ilikuwa blenda niliyomnunulia zamani, ambayo hakuwahi hata kuitoa kwenye boksi. Akanipakulia kisamvu. Karanga zimekuwa uji, hazina ladha. Nikasita na kijiko mkononi, naye amekaa mbele yangu, ananitazama.

"Kula, mwanangu," akasema. "Its okei."