Marehemu wa Namba Moja

Watu wa mji wetu wa Baraka wakinikuta sokoni huniuliza kwa nini niliacha kipindi cha kura, nami huwajibu kwamba koo lilikuwa linanisumbua. Uongo mtupu. Koo langu ni zima kabisa. Niliacha kwa sababu kila nilipoishika ile maikrofoni nilisikia kinyaa, kama mtu aliyefunua sufuria ya sombe, majani ya muhogo, akakuta nzi wamemtangulia.

Kipindi chenyewe nilikianzisha mimi, kwa mapenzi. Wengi wetu tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, na huko ndiko tulikoonja muziki wa kantri kwenye kaseti za wamisionari: gitaa, sauti inayopitia puani, mwanamume mzima analilia mama yake, barabara, ng'ombe na Yesu. Tuliporudi nyumbani tukarudi nao. Vijana wa Fizi wakauimba kwa Kibembe na kwa Kiswahili, wale wa Minembwe, wafugaji, wakauimba kwa lugha yao, na hao angalau ng'ombe wa kwenye nyimbo walikuwa wanawajua kwa sura. Redio yetu ni ndogo, studio yake imebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, lakini siku ya Jumamosi alasiri, nilipoanza kusoma nyimbo kumi zilizopendwa, hata wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walishusha sauti zao.

Wasikilizaji ndio waliochagua. Juma zima walipiga kura kwa ujumbe wa simu, kwa kupiga studio, na wale wa mbali kwa vikaratasi walivyompa mwenye pikipiki au mwenye boti. Sheria ilikuwa moja tu, kila mtu kura moja, na sheria hiyo waliidharau tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na fundi simu aliyenitumia kura kutoka kwenye kila kadi aliyokuwa nayo dukani, zote zikiwa na kosa lilelile la herufi. Kulikuwa na mchungaji aliyewaambia wanakwaya wake kwamba asiyempigia kura mpiga gitaa wa kanisa atajibu mbinguni. Hawakuwa wanapenda nyimbo. Walikuwa wanapenda kuwashinda majirani zao, na mimi niliwapa uwanja. Nilichekacheka tu mwanzoni, nikiamini kwamba utoto huo utakwisha.

Walizidi ulipofika mwezi wetu wa kwanza wenye zawadi. Mkurugenzi wa redio alikubaliana na studio moja ya Uvira kwamba mwenye wimbo utakaofunga mwezi ukiwa namba moja atarekodiwa huko bure, kwa vyombo vya kweli. Kuanzia hapo hata wapole walianza kuuma.

Mmoja wa waimbaji walioitaka zawadi hiyo alikuwa kijana mrefu, kofia pana kichwani hata kwenye jua la jioni, sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo. Alizaliwa Ubwari, na mama yake bado aliishi huko, kwenye kijiji ambacho simu inashika siku inayotaka yenyewe. Redio yetu ndiyo iliyofika, safi, kwa sababu kati yetu na wao ni maji matupu. Nilimfahamu mama huyo. Alikuja siku moja na boti kutazama mahali sauti ya mwanawe inapotokea, akakaa studio akiwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili, akanieleza bila kulalamika kwamba alizaa watoto wengi na kuzika wengi, na kwamba huyu ndiye Mungu aliyemwachia. Alipiga kura kila juma kwa kikaratasi. Hakumpigia mwanawe. Alipenda wimbo wa mzee mmoja wa Mboko, akasema mwanawe angali anaimba kwa haraka mno.

Sasa, yule mzee wa Mboko alifariki kwa homa. Alifariki kweli, tulikwenda kumlilia. Juma lile wimbo wake uliruka mpaka juu, ukakaa hapo. Watu walinipigia simu wakisema ni aibu kumweka mzima juu ya marehemu wakati matanga hayajaondolewa, na nikaona wana haki. Nilifikiri ni heshima. Sikujua kwamba kuna watu waliokuwa wanasikiliza kwa masikio mengine, wanahesabu faida ya kufa.

Lazima nieleze kuhusu matangazo ya msiba, maana ndiyo yanayoilisha redio yetu kuliko muziki wowote. Kila adhuhuri tunasoma komunike, matangazo ya kulipia: mkutano wa wakulima, mbuzi aliyepotea, halafu waliofariki. Mwenye mbuzi tunamwuliza maswali, rangi gani, amepotea wapi, nani shahidi. Mwenye msiba hatumwulizi kitu. Anakuja macho mekundu, anatoa karatasi yake, mnampa kiti na maji. Nani ana moyo wa kumwomba mfiwa uthibitisho?

Ilikuwa katikati ya juma la mwisho la mwezi. Nilikuwa sokoni, mkono wangu ndani ya beseni la ndagala, nikasikia kwenye redio ya muuza samaki mwenzangu wa zamu ya mchana akisoma kwamba kijana wetu mwimbaji amefariki Uvira baada ya ugonjwa mfupi, na kwamba jamaa wote wa Baraka, Mboko na Ubwari wajulishwe. Nilikaa chini pale pale, kwenye maji ya samaki. Nililia. Nasema hili bila haya, nililia kwa sauti, na nilikuwa namlilia yule mama kuliko kijana. Nilimwona ameweka redio yake dirishani.

Komunike ililetwa na mwanamume aliyejiita mjomba wa marehemu. Mwenzangu alinieleza kwamba alilia mpaka karatasi ikalowa. Baadaye tulijua ni mwenyekiti wa mashabiki wake.

Kura zilimiminika. Watu ambao hawajawahi kuusikia ule wimbo mpaka mwisho waliuita wimbo wa maisha yao. Simu ya studio ilipata moto mkononi. Siku ya Jumamosi niliusoma kuwa namba moja kwa sauti ya msibani, nikaupiga mara mbili, nikafunga kipindi, nikatoka nje kupata hewa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi uani, kofia yake magotini, anakunywa fanta.

Sikupiga kelele. Nilimgusa bega kwanza. Alikuwa na joto, anatoka jasho, ananuka mafuta ya nywele. Akacheka. Akanieleza, kama mtu anayeeleza namna ya kupika chai, kwamba alikuwa Fizi kwa rafiki yake siku zote hizo, akisikiliza, na kwamba msanii lazima ajue kujitangaza. Yule mzee wa Mboko hangeshindwa kwa njia nyingine, akasema. Mkurugenzi alitoka kuona kuna nini, akashtuka, kisha nikamwona anafikiri, kisha, Mungu wangu, nikamwona anatabasamu. Redio yetu haijawahi kusikilizwa namna hii, ndilo neno lake la kwanza. Walipeana mikono.

Niliuliza kuhusu mama yake. Kijana akasema hata yeye alitaka kumtumia habari, ila simu haishiki kule. Alisema hivyo akiwa anafuta kofia yake kwa kiwiko.

Ziwa lilikuwa limechafuka tangu siku ya komunike, boti hazikuvuka. Zilivuka Jumamosi hiyo. Nilisikia kilio kabla sijaona mtu, kinapanda kutoka bandarini, na watu wa njiani wanakiitikia. Mama aliingia uani na wanawake wachache wa kwao, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu mitupu, sauti imekauka kwa kulia. Alikuja redioni kwa sababu redio ndiyo iliyomwambia. Aliniona mimi kwanza, akaniuliza, kwa adabu yake ile ile, maiti iko wapi.

Nilisogea tu, akamwona.

Sijui nilitegemea nini. Wanawake wengine walipiga yowe, mmoja akakimbia. Yeye alimwendea polepole, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa masikio na shingo kama anayetafuta jeraha. Akambusu kwenye paji la uso. Halafu akamwuliza ni nani aliyetangaza kwamba amekufa.

"Mama, usilie tena," kijana akasema. "Mi niko muzima. Ilikuwa tu mambo ya kura."

Mama hakuelewa, akarudia kumwuliza. Kijana akaeleza yote, Uvira, studio, zawadi, akiongeza sauti kidogo kila mara kana kwamba tatizo la mama ni masikio. Nilikuwa namtazama mama mikono. Ilishuka kutoka usoni mwa mwanawe, ikarudi kwake, ikakunja pembe ya kitenge.

Mkurugenzi naye akaja na kinasa sauti. Hata sasa nikikumbuka natamani kutema mate. Alitaka mama na mwana waingie hewani saa ile ile, mama alie kidogo, mwana aimbe, nchi nzima ifurahi. Alimsogezea kinasa sauti mdomoni. Nilikipiga kibao kikaanguka, na hilo ndilo tendo pekee la siku ile ambalo silionei haya.

Nilimwambia mama kwamba nitaingia studio sasa hivi nikanushe, Ubwari wasikie, waache kulia. Alinizuia kwa kiganja. Akakaa kwenye benchi, mbali na mwanawe, akaniambia nichukue kalamu.

"Kwetu batu banalala inje, sababu ya huyu," akasema. "Bavuvi bameacha ziwa, batoto babo banashinda njaa. Jirani yangu alichinja mbuzi, alikuwa naye moja tu. Nikirudi niseme ilikuwa kura? Hapana. Andika ile ya kushukuru."

Kila anayewahi kufiwa kwetu anaijua ile ya kushukuru. Mkishazika, familia inaleta komunike ya pili kuwashukuru waliokuja kulia nao, na kutangaza kwamba matanga yameondolewa, kila mtu arudi kazini. Ndilo tangazo la mwisho. Baada ya hapo jina la mtu halisomwi tena redioni.

Kijana alielewa kabla yangu. Alisimama, akaanza kusema mama, mama, akatafuta mkono wake. Mama aliendelea kunitajia majina ya vijiji, kimoja kimoja, nisisahau hata kimoja kilicholeta watu. Mkurugenzi aliokota kinasa sauti chake, akauliza kama komunike hiyo italipiwa. Wanawake wa Ubwari walichanga pale pale, kutoka kwenye pembe za vitenge vyao.

Nikaingia, nikawasha maikrofoni, nikasoma. Mama wa marehemu anawashukuru wote waliomlilia mtoto wake. Amefika alikolala, amemwona, ameridhika. Matanga yamekwisha, wavuvi warudi ziwani. Nilisoma mara mbili, kama tunavyosoma matangazo yote ya msiba, nikataja jina kamili la marehemu na la baba yake. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo kinachotazama uani, ananionyesha kwa mikono yote miwili ninyamaze, na nyuma yake benchi alilokalia mama lilikuwa tupu.